Jina la Koch na Kikohozi cha Wiki Tatu

Ukiwauliza vijana wa Nairobi Koch ni nini, watakujibu bila kufikiri kwamba ni Korogocho. Ukiwauliza mashabiki wa kandanda, watadhani umelitamka vibaya neno kocha. Lakini ukimwuliza mtaalamu wa maabara, awe Kitengela, Kajiado mjini au Namanga, atakuambia kwamba Koch ni mtu, na kwamba kazi ya mtu huyo iko mezani pake kila siku. Vitabu vya utabibu humwita mdudu wa kifua kikuu bakteria wa Koch. Zipo Kanuni za Koch, ambazo kila mwanafunzi wa udaktari hulazimika kuzijua. Yupo pia bakteria wa Koch na Weeks, anayeleta aina moja ya macho mekundu ya kuambukiza.

Koch ni jina la ukoo la Kijerumani na maana yake ni mpishi. "Ch" ya mwisho hutamkwa karibu na "kh" ya sabalkheri. Kwa kuwa wapishi hawakukosekana popote Ujerumani, wenye jina hilo ni wengi, na si wote walio ndugu. Mmoja, Ed Koch, alikuwa meya wa New York kuanzia 1978 hadi 1989. Mwingine, Mswidi Helge von Koch, alieleza mwaka 1904 mstari wa ajabu ambao kila ukiutazama kwa karibu unazidi kuwa na pembe, na urefu wake hauna mwisho. Hao nawaacha kwa walimu wa historia na hesabu. Ninayemtaka mimi ni Robert Koch, kwa sababu mgonjwa anayeingia kwangu na kikohozi cha wiki tatu, baada ya kumaliza chupa mbili za dawa ya maji aliyonunua dukani, bado hajaambiwa jambo ambalo Koch alilithibitisha mwaka 1882.

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba migodi. Katika miaka ya 1870 alikuwa daktari wa wilaya mahali panapoitwa Wöllstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Nasisitiza maneno hayo, daktari wa wilaya. Hakuwa profesa wala hakuwa na maabara ya chuo kikuu. Alitibu wagonjwa wake, na nafasi ilipopatikana aliinamia hadubini nyumbani kwake.

Sehemu hiyo ilikuwa ya wakulima na wafugaji, na mifugo yao ilikuwa ikianguka na kufa ghafla kwa kimeta. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Ng'ombe aliyekuwa malishoni asubuhi hukutwa amekufa jioni, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na kwenye matundu mengine ya mwili, na mzoga haukakamai kama ilivyo kawaida. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama hao, lakini walibishana. Je, vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilizuka tu kwa sababu mnyama ni mgonjwa?

Koch alichukua vipande vyembamba vya mti, akavichovya katika damu ya wengu wa kondoo aliyekufa, akawachoma navyo panya. Panya wakafa, na damu yao ikajaa vijiti vile vile. Akachukua damu ya panya wa kwanza akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, akaendelea hivyo hadi kizazi cha ishirini, na kila mara ugonjwa ulikuwa ule ule. Kisha akavikuza vijiti nje ya mwili kabisa, katika maji ya jicho la ng'ombe, akivitazama vikirefuka na kuwa kama nyuzi. Humo ndani ya nyuzi akaona vitu vidogo vinavyong'aa kama shanga. Hizo ni spora, yaani bakteria aliyejifungia ndani ya ganda gumu akingoja wakati mzuri.

Uvumbuzi huo aliutangaza mwaka 1876, nao ulieleza jambo lililokuwa likiwatatiza wafugaji kwa karne nyingi, kwamba malisho ambayo hayakuona mnyama mgonjwa kwa miaka mingi yanaweza kuua tena. Spora hukaa udongoni miongo na miongo. Mvua kubwa ikizifukua, au kiangazi kikiwalazimisha ng'ombe kula nyasi fupi pamoja na udongo, ugonjwa hurudi. Haubagui mnyama wa boma na wa porini. Mwaka 2015 uliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Katika nyanda za Kitengela, ambako nyumbu na pundamilia hutoka Mbuga ya Nairobi kuja kulisha kando ya ng'ombe, hilo ni jambo la kukumbukwa.

Ndiyo maana tunasema mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla usipasuliwe hata kidogo. Ndani ya mzoga uliofungwa bakteria huoza pamoja na nyama. Ukipasua, hewa humfikia naye hujifungia katika spora. Mwite afisa wa mifugo. Nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi, hata ikiuzwa nusu ya bei, hata iwekwe motoni hadi iungue, iache. Mchunaji ndiye huumia kwanza. Siku chache baadaye huota kipele kinachowasha, kisha malengelenge, kisha kidonda chenye gaga jeusi ambacho ajabu yake ni kwamba hakiumi sana. Kwa kuwa hakiumi, watu hukaa nacho nyumbani. Kikiwahiwa, antibiotiki hukiponya vizuri. Kikiachwa, sumu yake inaweza kuingia katika damu.

Sasa turudi kwa mpishi wetu, maana jina hilo lilimfaa kuliko alivyojua. Ili kuthibitisha kwamba mdudu fulani ndiye mwenye ugonjwa fulani, ilimbidi amtenge na wadudu wengine wote, amkuze peke yake. Katika mchuzi wa nyama wadudu huchanganyika kama abiria katika stani ya basi. Koch akaanza kutumia vipande vya viazi vilivyochemshwa. Kila doa lililoota juu ya kiazi lilikuwa ukoo mmoja. Halafu akajaribu jelatini, ambayo ubaya wake ni kwamba huyeyuka katika joto. Jawabu lilitoka jikoni kwelikweli. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa akitumia agari inayotokana na mwani ili kugandisha jamu zake, na jamu hizo hazikuyeyuka hata wakati wa joto. Akamshauri mumewe aijaribu. Mpaka leo maabara za dunia nzima hukuza bakteria juu ya agari, ndani ya visahani vya Petri, ambaye naye alikuwa msaidizi wa Koch. Petri jina lake linajulikana kila mahali. Mama Hesse hakuitiwa hata kisahani.

Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa Kanuni za Koch. Kwa lugha ya kawaida zinadai hivi: mdudu aonekane katika kila mgonjwa wa ugonjwa huo, aweze kutengwa na kukuzwa peke yake, akitiwa katika mnyama mzima, alete ugonjwa ule ule, na kutoka kwa mnyama huyo apatikane tena. Kila ugonjwa wa kuambukiza una mwenyewe.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alisimama mbele ya madaktari wenzake na kuwaonyesha mwenye kifua kikuu. Wakati huo, kwa hesabu aliyoitaja yeye mwenyewe, mtu mmoja kati ya kila saba alikufa kwa ugonjwa huo. Wengi waliamini ni wa kurithi, au unatokana na unyonge wa mwili au hewa mbaya. Bakteria huyu alikuwa amejificha kwa sababu ana ngozi yenye mafuta ambayo haishiki rangi kwa urahisi. Koch alipata njia ya kumtia rangi, na Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, wakaiboresha kwa namna ambayo ingali inatumika katika maabara zetu. Tarehe ile ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Hapa, msomaji, ndipo penye faida yako. Ukikohoa, jambo la kwanza si kuuliza dawa gani, bali ni nani aliyemo kifuani. Dawa ya maji ya dukani haimjui. Antibiotiki ya siku tano aliyokupa rafiki yako haimwezi. Hajaletwa na laana ya mzee wala na baridi ya saa kumi na moja alfajiri unapongoja matatu ya kwenda Nairobi. Wala si kweli kwamba kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba UKIMWI huvunja ulinzi wa mwili na kumfungulia mlango bakteria huyu, na ndiyo maana tunapima yote mawili. Lakini hao ni wawili, kila mmoja na kipimo chake na dawa zake. Nimeona watu wakikataa kipimo cha makohozi kwa kuogopa jibu ambalo kipimo hicho hakilitoi kabisa.

Kitengela ni mji unaompendeza mdudu huyu. Anasafiri hewani, kutoka kwa anayekohoa, anayeongea au kuimba, hadi kwa anayevuta pumzi karibu naye. Fikiri juu ya chumba cha kupanga kimoja chenye watu watano na dirisha dogo lililozibwa kwa sababu ya vumbi. Fikiri juu ya matatu iliyofunga vioo katika foleni ya Mlolongo, au ukumbi wa cherehani huko Athi River. Wanaofanya kazi katika machimbo ya mawe wana hatari zaidi, kwa kuwa vumbi la mawe huharibu mapafu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, na ukakadiria kwamba karibu wanne kati ya kila kumi hawakuwa wakijulikana na hospitali yoyote. Mzigo mkubwa ulikuwa kwa wanaume vijana wa miaka 25 hadi 34, watu walio kazini, ambao aghalabu husema hawana muda wa kupanga foleni.

Kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na homa za jioni, jasho la usiku linaloloanisha shuka, kupungua uzito au makohozi yenye damu, nenda ukapimwe. Mwenye virusi vya UKIMWI asingoje hata hizo wiki mbili. Tunataka makohozi yanayotoka chini kifuani, hasa ya asubuhi, si mate. Zamani tulitegemea hadubini pekee. Siku hizi mashine ya GeneXpert hutafuta chembe za urithi za bakteria mwenyewe, na kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha kama yumo na kama amekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Katika hospitali za umma dawa za kifua kikuu hazilipiwi.

"Daktari, mbona miezi sita?" Swali hilo naulizwa kila wiki. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Huyu wa Koch huchukua saa ishirini hivi. Koch mwenyewe ilimbidi angoje majuma kabla ya kuona doa lolote katika chupa zake, na mtu asiye na subira angezitupa. Dawa nyingi humwua bakteria akiwa kazini, akijenga na kugawanyika. Asiyefanya kazi haguswi kwa urahisi. Katika miezi miwili ya kwanza dawa nne huwaua wengi, mgonjwa hupata hamu ya kula, kikohozi hupungua, na hapo ndipo anapoacha. Waliosinzia huamka, na safari hii wamekwisha kuijua dawa. Miezi minne inayofuata, ya dawa mbili, ni kwa ajili ya hao waliosinzia. Na tafadhali, mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa usikimbie. Ni rangi ya rifampisini, si damu.

Kwa wafugaji wanaohamahama miezi sita ni safari ndefu. Katika miaka ya 1970 huko Wajir, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi na Wasomali, aliwajengea wagonjwa manyatta karibu na matibabu wakae humo wakimeza dawa mbele ya mtu hadi wamalize. Wazo hilo la kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye lilienea duniani. Kwako shahidi anaweza kuwa mke, mume, jirani au mhudumu wa afya wa mtaa.

Nisije nikamfanya Koch kuwa malaika. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata kitu kinachoweza kukomesha kifua kikuu, akakiita tuberkulini, na hakusema kina nini ndani. Berlin ikafurika wagonjwa. Hata Arthur Conan Doyle, yule daktari aliyemtunga Sherlock Holmes, alisafiri kwenda kujionea, akarudi na mashaka. Mashaka yalikuwa ya haki. Profesa Rudolf Virchow alipowapasua waliokufa baada ya sindano, aliona kwamba dawa ilikuwa imewaamsha bakteria waliolala na kuwasambaza. Hatimaye Koch alieleza kwamba ilikuwa maji ya bakteria yaliyochanganywa na gliserini. Ikiwa mtu mkubwa kama yule aliteleza kwa kuuza siri badala ya dawa, basi yule anayesimama stendi ya Kitengela na unga wa mitishamba unaotibu kifua, kisukari na kukosa mtoto, una haki ya kumwuliza ndani mna nini na nani aliyepima.

Koch alilifahamu bara letu kuliko Wazungu wengi wa fani yake. Mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, ugonjwa ule ule uliokuwa umefagia ng'ombe wa Wamaasai miaka michache kabla, katika msiba wanaouita Emutai. Huko Kimberley aligundua kwamba nyongo ya ng'ombe mgonjwa humkinga mzima. Dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa mwaka 2011. Alifika Dar es Salaam akachunguza malaria, akaenda Bulawayo kwa ajili ya ndigana kali, na mwaka 1905 akiwa Tanganyika alionyesha jinsi papasi wanavyobeba homa ya kurudiarudia na kuirithisha kupitia mayai yao. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Uganda, akitibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Hiyo nayo ni sehemu ya jina lake, na watu wa Ssese hawakuulizwa kama wanakubali.

Lakini kosa lake linalotugusa zaidi Kajiado alilifanya London mwaka 1901. Mbele ya mkutano wa kifua kikuu alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na kwamba hatari ya kukipata kwa maziwa ni ndogo mno hata haifai kuchukuliwa hatua. La kwanza lilikuwa kweli. Bakteria wa ng'ombe ni ndugu wa yule wa binadamu, si yeye mwenyewe. La pili lilikuwa si kweli. Waingereza waliunda tume, ambayo ripoti yake ya mwisho ilitoka mwaka 1911 ikithibitisha kwamba watu, hasa watoto, huambukizwa kwa maziwa. Koch alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, mwezi Mei 1910, bila kubadili msimamo.

Kwa hiyo, mama unayenunua maziwa kwa mtu wa pikipiki na mitungi, na mzee unayeamini kwamba ya ng'ombe wako hayana neno kwa kuwa unamjua kwa jina, yachemsheni mpaka yatokote. Moshi wa kufukizia kibuyu una harufu nzuri, na kugandisha maziwa huyapa ladha, lakini hakuna kati ya hayo kinachotosha kumwua bakteria huyu, wala yule wa bruselosi anayeleta homa na maumivu ya viungo yasiyokwisha. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu nchini wamekipata kwa hewa, na wa maziwa ni sehemu ndogo. Ubaya ni kwamba hao hawakohoi sana. Mtoto huvimba tezi za shingo, au tumbo, au mgongo ukaanza kupinda, na makohozi hayaonyeshi kitu. Isitoshe, bakteria wa ng'ombe hasikii pirazinamidi, mojawapo ya zile dawa nne. Mtoto mwenye tezi iliyovimba mwezi mzima, mwambie daktari kama nyumbani mnakunywa maziwa mabichi, hata asipouliza.

Na ng'ombe mwenyewe je? Anaweza kuonekana mnene na mzima huku anaambukiza. Daktari wa mifugo akitaka kumpima, humnyoa sehemu ndogo ya shingo, akapima unene wa ngozi, akamchoma sindano ndani ya ngozi hiyo, kisha akarudi baada ya saa 72 kutazama kama pamevimba. Kilichomo ndani ya sindano ile ni tuberkulini, ile dawa ya Koch iliyoshindwa kuponya watu, ambayo siku hizi hutengenezwa ikiwa imesafishwa.